Kimbunga Hakipigiwi Ramli

Kila unapokaribia msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi, ambao huanza mwezi wa Novemba, huzuka nchini mchezo ambao umekwisha zoeleka kiasi cha kuonekana kuwa ni maarifa. Watu wazima, wenye elimu na dhamana, hukaa wakabishana ni pwani ipi itakayopigwa safari hii. Mmoja hutaja Mtwara, wa pili Kilwa, wa tatu Mafia. Na yule apendaye kuonekana mjuzi kuliko wenzake hutaja Tanga, kwa hoja kwamba Tanga haijapata zamu yake. Mchezo huo haukomei pwani. Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, huchezwa kwa bidii ile ile, maana kila lori lililo katika foleni ya kuvuka kwenda Nakonde limebeba habari za bandarini pamoja na shehena yake, na kila kijiwe kina mtabiri wake.

Mfanyabiashara anayeuliza swali hilo pengine ana udhuru. Mali yake iko melini, na bei ya mafuta ya kula sokoni hutegemea meli hiyo itapakua lini. Kwamba wako wanaoutumia uvumi kuficha bidhaa kabla hata wingu halijaonekana, hilo ni la kushughulikiwa na wale wanaohusika na walanguzi. Wasio na udhuru hata kidogo ni watumishi wa umma. Kwao swali la "pwani ipi?" ni kichaka cha kujifichia. Akisharidhika kwamba zamu ni ya Mtwara, ofisa wa Lindi hulala. Akisharidhika kwamba zamu ni ya pwani, ofisa wa Vwawa, Itumba au Tunduma hahangaiki kuisoma barua. Tangazo la tahadhari hupokelewa, hupigwa muhuri, huandikwa pembeni "kwa taarifa", kisha hutiwa katika jalada ambalo halitafunguliwa tena hadi lije tangazo jingine.

Yafaa ieleweke wazi: hakuna mtaalamu duniani awezaye kusema mwezi wa Oktoba kwamba kimbunga cha mwezi wa Aprili kitaingia nchi kavu mahali fulani. Kinachoweza kukadiriwa miezi kadhaa mapema ni tabia ya msimu mzima: kama bahari ina joto kuliko kawaida, kama El Niño ipo au haipo, kama joto limeelemea magharibi ya Bahari ya Hindi au mashariki yake. Kutokana na hayo hukisiwa kama vimbunga vitakuwa vingi au vichache. Basi. Njia ya kimbunga kimoja huanza kujulikana kikishazaliwa, nayo hubadilika siku hata siku kwa kufuata pepo za juu zinazokisukuma. Hata siku moja kabla ya kufika, kosa la makumi ya kilomita ni jambo la kawaida, na makumi ya kilomita ndiyo tofauti kati ya mji wa Lindi na mji wa Mtwara. Kituo cha kisiwa cha Réunion, ambacho kimekabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kazi ya kufuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa bahari hii, hakithubutu kupiga ramli ya namna hiyo. Wala Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania haithubutu. Wanaothubutu ni wale wasiomiliki hata kipima joto.

Historia ya pwani hii yatosha kumwaibisha mpiga ramli. Aprili 15, 1872, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba, iliyo jirani tu upande wa kaskazini, ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa karafuu. Nani mwaka 1871 angekisia kwamba upepo ungechagua kisiwa kimoja na kukiacha cha pili? Ikapita miaka 80, na Aprili 15, 1952, kimbunga kikaingia Lindi. (Wapo watakaoishika tarehe hiyo wakaifanya kalenda ya mashetani. Waachwe.)

Miaka ya karibuni nayo imetoa ushahidi wake. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliuelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mtwara ikatangaziwa tahadhari, shule zikafungwa, na wananchi wakaambiwa wahamie mahali pa usalama. Aprili 25 kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Aprili 2021 kimbunga Jobo kiliikabili Dar es Salaam, kikafifia kingali baharini. Mei 2024 kikaja Hidaya, jina ambalo kwa Kiswahili ni zawadi, na zawadi gani hiyo! Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ukasitishwa. Kilipofika Mafia Mei 4 kilikuwa kimekwisha dhoofika, lakini mvua yake ilianguka juu ya ardhi iliyokwisha lowa kwa mvua za El Niño, ambazo hadi mwishoni mwa Aprili zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, wilaya ya Kilwa.

Mpiga ramli aangalie jambo moja. Vimbunga hivyo vyote, kuanzia kile cha 1872 hadi Hidaya, vilikuja Aprili au Mei, wakati ambapo wengi huhesabu kwamba msimu umekwisha, na bao walilolitupa Novemba wamekwisha lisahau. Wala asidhani kwamba sasa amepata kanuni. Chido kilikipiga kisiwa cha Mayotte na kuingia Cabo Delgado katikati ya Desemba 2024, na msimu huo huo Dikeledi na Jude vikaipiga tena kaskazini ya Msumbiji, kimoja Januari na kingine Machi 2025.

Baada ya Jobo walijitokeza wenye dhihaka. Hao ni ndugu wa wapiga ramli, na pengine ni wabaya zaidi, maana mpiga ramli angalau anakubali kwamba kimbunga kipo. Walisema nchi ilitishwa bure. Kwa hesabu yao tahadhari ni ahadi, na kimbunga kisipofika ahadi imevunjwa. Lakini waliofunga shule Mtwara mwaka 2019 hawakudanganywa na mtu. Walifanya kile ambacho majirani zao wa Cabo Delgado, waliopoteza zaidi ya watu 40, wangetamani wote wawe wamekifanya. Mwalimu anayewacheka watabiri mbele ya wanafunzi wake anapanda mbegu ambayo siku moja itavunwa baharini na mvuvi aliyekataa kurudi ufukweni.

Turufu ya mwisho ya ofisa wa bara ni kwamba Songwe haina bahari. Ni kweli, na hakuna asemaye kwamba upepo wa kimbunga utaezua mabati ya Tunduma kama ulivyoezua ya Beira. Lakini kimbunga hakifi pale kinapokanyaga nchi kavu. Kinachokufa ni upepo, na maji husafiri. Idai kiliingia karibu na Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, na miongoni mwa waliokufa kwa mamia walikuwamo wakazi wa milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, kilomita 200 hivi kutoka baharini, waliofukiwa na udongo na mawe usingizini. Freddy kiliingia Msumbiji mara ya pili Machi 11, 2023, upande wa Quelimane. Siku chache baadaye vilima vya Blantyre, karibu kilomita 300 kutoka hapo, vikaporomoka juu ya nyumba za watu. Malawi ilihesabu maiti 679 na watu 537 wasiojulikana walipo. Tanzania ilipeleka unga wa mahindi, mablanketi, mahema na helikopta za jeshi. Je, kati ya watumishi waliosifu msaada huo, ni wangapi waliojiuliza kwa nini nchi isiyo na pwani ilihitaji kuokolewa kutokana na kimbunga?

Malawi hiyo inapakana na Ileje. Kinachotenga nchi mbili hizo ni Mto Songwe, ule unaoingia Ziwa Nyasa na si mwenzake aendaye Rukwa, nao ni mto ambao hufurika na kuhamisha mkondo wake hata mpaka wenyewe ukawa mashakani. Mvua za mkoa wa Songwe hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, yaani ndani ya msimu ule ule wa vimbunga. Kimbunga kikikaa katika Mlango wa Msumbiji huzivuta pepo zenye unyevu, pengine mahali fulani pakakauka na pengine pakazidiwa. Mwaka 2019 masika ya kaskazini yalichelewa, na Idai kilitajwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo bwana shamba wa Mbozi anayemshauri mkulima wa mahindi bila kutazama taarifa za bahari anamshauri kwa jicho moja.

Kisha kuna njia. Barabara kuu, reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA vyote huanzia Dar es Salaam. Somanga ilipokatika, gari la kutoka Lindi au Mtwara kwenda Dar es Salaam lilibakiwa na mzunguko wa Songea, Njombe na Makambako, na hapo huingia katika barabara ile ile inayoilisha Tunduma. Hiyo ilikuwa kwa kimbunga kilichokwisha dhoofika. Ikiwa bandari yenyewe itafungwa kwa wiki mbili, malori yatalala wapi Tunduma, madereva na utingo watakula nini, vyoo viko vingapi, na dawa za kipindupindu zitatoka ghala gani? Maswali hayo hayahitaji rada. Yanahitaji mtu wa kuhesabu.

Walimu nao wana deni. Mwanafunzi wa sekondari Vwawa anaweza kueleza vizuri vimbunga vinavyoipiga Florida, na asijue kamwe kwamba Lindi ilipigwa mwaka 1952. Anafundishwa kwamba kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na umbali fulani kutoka ikweta ili upepo upate kuzunguka. Lakini haonyeshwi kwamba pwani ya Tanzania inaanzia karibu na nyuzi 5 kusini na kuishia kupita nyuzi 10, ndiyo maana vimbunga hapa ni vichache na ndiyo maana kusini huviona zaidi. Na shule anamosomea, je, kenchi za paa lake zimefungwa kwa nondo au zimegongewa misumari miwili tu, zikingoja upepo wa kawaida wa Novemba?

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Hali ya Hewa dhamana ya kutoa tahadhari, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ilitaka ziwepo kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, bila kusema kwamba vijiji visivyo na bahari vimesamehewa. Basi watendaji wa kata wa Ileje, Momba, Mbozi, Songwe na Tunduma waulizwe mambo matatu tu: kamati imekutana mara ngapi tangu Mei 2024, nani anazo funguo za jengo la kuhifadhia watu, na nani hupokea simu ya tahadhari ikija saa nane za usiku. Wasio na majibu wapewe tarehe ya kuyaleta, nayo iwe kabla ya Novemba.