NYUMBA YETU: Sufu na Ngozi Iwashwayo

Bibi mmoja wa Mikindani, ambaye hufuma kofia na soksi za watoto wachanga akaziuza Mtwara mjini, ametuuliza. Kila ashikapo uzi wa sufu mikono yake huwasha na kutoka vipele, na usiku hapati usingizi. Mumewe amwambia asubiri, kwani kazi ya halali ni ibada. Je, asubiri?

Twajibu: kazi aishike, sufu aiache. Hariri ni haramu kwa wanaume wa Kiislamu, hata hivyo Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Masahaba wawili, Zubeir bin Awwam na Abdulrahman bin Auf (r.a.), waivae kwa ajili ya mwasho waliokuwa nao. Hadithi hiyo imepokewa na Anas bin Malik, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa mwasho ulileta ruhusa katika lililokatazwa, seuze sufu, ambayo ni halali tu wala si faradhi? Sufu ni neema, na Sura ya An-Nahl yaitaja. Lakini kuiacha kwa udhuru si kuikufuru.

Mara nyingi kinachowasha ni unene wa nywele za kondoo, zichomazo ngozi mfano wa miba midogo. Wengine hudhuriwa na mafuta ya kondoo yaliyosalia ndani yake, au na rangi. Sufu ya merino ni laini zaidi. Walakini kwa mtu ambaye mwili wake hukataa mafuta hayo, ulaini hautamfaa kitu.

Tena si kila uzi uitwao sufu dukani ni sufu. Kata kipande kifupi, ukichome juu ya sahani ya udongo, mbali na watoto. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi, na majivu yake ni laini. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa donge gumu. Uzi uliochanganywa huweza kukudanganya, basi muulize mwenye duka akuonyeshe karatasi yake.

Kitambaa cha tarbushi nacho ni sufu ile ile, isiyofumwa bali iliyoloweshwa kwa maji ya moto na kugandamizwa hata ikashikana. Badala yake kunja marekani mara mbili au tatu, uishone pamoja. Wala usichanganye sufu na sufi: sufi ni ya mti wa msufi, yafaa kujazia mito.

Basi bibi wetu na afume kwa uzi wa pamba, ambao hufulika vyema na huiweza hari ya pwani yetu. Na akiona kifua chabana au uso wavimba, asijijaribu kwa uzi wowote. Aende hospitali upesi.

Na mumewe twamkumbusha: mkewe amepata ulimi wa kusema kwamba awashwa. Mtoto mchanga avishwaye kofia ile hana ila kulia.

Wallahu aalam.