Kisu cha Kung'aa na Kisu cha Mhunzi



Kila baada ya mavuno twawaona wenzetu madukani wakichagua visu kwa kung'aa kwake. Ukifika mwaka wa karafuu chache, visu vile vimekwisha legea mipini, na fedha ya kununua vingine haipo.

Mimi nasema, mwenye fedha kidogo na anunue kisu kimoja tu kwa mhunzi, kilichofuliwa kwa chuma cha springi ya gari. Kweli hakipendezi. Ukikatia ndimu hugeuka cheusi, na kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu kwa usiku mmoja ukikilaza na maji. Basi kifute, ukipake mafuta ya nazi kidogo. Makali yake hukaa, na kikiwa butu kinoo huyarudisha upesi.

Kabla hujalipa tazama mpini. Mkia wa chuma na upite mpaka mwisho, ukazwe vizuri. Ule mfupi uliochomekwa tu hung'oka siku ya kwanza ya kupasua kichwa cha changu. Kisha kipinde kidogo. Kikibaki kimepinda, mrudishie mwenyewe.

Anayepaa samaki kutwa pwani simlaumu akichukua chuma kisichoshika kutu, maadamu bapa si jembamba kama karatasi.

Na tafadhali, kisu cha jikoni kisipandishwe mkarafuuni. Karafuu huchumwa kwa mkono, na tawi lililokatwa halizai msimu ujao.

Mwanachama, Pemba