Askofu Mwanamke na Kichwa cha Nyumba

Uteuzi wa Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, uliotangazwa Oktoba 3, 2025, ulizua maneno mengi katika Afrika, na baadhi ya maneno hayo yalifika hata barazani kwetu. Si ajabu. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililosimamishwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa na wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873. Habari ya Canterbury, basi, haiko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha.

Yafaa tuseme wazi tuliposimama. Sisi tulianza kusoma juu ya mkeka wa chuo, juzuu mapajani, kabla ya kuingia skuli ya Serikali. Si kazi yetu kuwaambia Wakristo nani awaongoze katika sala, kama vile nasi tusivyopenda mtu wa nje atuchagulie imamu. Lakini jambo hili linagusa nyumba za wananchi, na yanayotokea ndani ya nyumba za wananchi yanatuhusu.

Mama huyo alikuwa muuguzi kwa taaluma, akafikia kuwa mkuu wa wauguzi wa Serikali katika England mwaka 1999. Alipewa daraja la kanisa mwaka 2001, akawa Askofu wa London mwaka 2018. Wala hakuanza yeye. Mwaka 1944, wakati wa vita, Florence Li Tim-Oi alifanywa kasisi ili awahudumie waumini wa Macau, kwa kuwa makasisi wanaume hawakuweza kuwafikia. Haja ilitangulia, hoja ikafuata. Kanisa la England lenyewe lilingoja hadi 1994 kuwapa wanawake ukasisi, na hadi 2015 kuwapa uaskofu. Afrika haikungoja hata hapo: Ellinah Wamukoya aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Swaziland mwaka 2012.

Tunalisema hili kwa sababu wako wanaodai kwamba Afrika kwa umoja wake imemkataa askofu mwanamke. Ni kweli kwamba umoja wa Gafcon, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, ulitangaza Oktoba 2025 kwamba hauitambui tena Canterbury kuwa kitovu cha Waanglikana. Lakini ugomvi huo una mashina mawili, na shina kubwa ni baraka zilizoruhusiwa England kwa watu wa jinsia moja, jambo lililowasha moto tangu 2023 kabla mama huyu hajateuliwa. Tena Kanisa Anglikana la Kenya, ambalo viongozi wake wamekuwa wakishiriki katika Gafcon, lilimweka wakfu Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Na hapa kwetu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri liliamua mwaka 1990 kuwapa wanawake uchungaji. Anayetaka kuzungumza kwa jina la Afrika nzima atuambie kwanza wanawake hawa ni wa bara gani.

Hata hivyo si haki kuwadhania wapinzani kwamba ni watu wa chuki tu. Wanasimama juu ya maandiko, hasa waraka wa kwanza kwa Timotheo, unaomkataza mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume. Kanisa Katoliki nalo, kwa kauli ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka ule ule wa 1994, lilisema halina mamlaka ya kumpa mwanamke daraja la upadri. Hao wana msimamo, na msimamo huheshimiwa. Lakini waraka wa pili kwa Timotheo huyo huyo unaisifu imani yake kwa kuwataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake hatajwi humo. Jambo hili si geni kwetu. Ni wangapi kati yetu waliosomeshwa alifu na bibi wa mtaani, uani kwake, huku chungu kikiwa jikoni?

Ndipo tunapofika nyumbani, ambako mambo ni mazito kuliko mimbarini. Waraka kwa Waefeso humwita mume kichwa cha mke, na maneno hayo husomwa sana katika harusi. Ila mstari unaotangulia unawaamuru wote kunyenyekeana, na mume anaagizwa kumpenda mkewe hadi kujitoa nafsi yake. Ukichwa wa namna hiyo ni mzigo wa mume. Tumewaona waume, Wakristo na Waislamu pia, tusijifiche, wanaoshika neno moja la andiko na kuliacha lililo kando yake.

Wamishonari wenyewe walikuwa na sura mbili katika hili. Huko Mbweni waliwafungulia skuli wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na Caroline Thackeray aliwafundisha tangu 1877. Wasichana hao walipata kusoma na kuandika wakati wengi hawakupata. Lakini walilelewa wawe walimu na wake wa watumishi wa misheni. Madhabahu haikuwa yao. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Hiyo Jumapili ndiyo siku mume anayosomewa kwamba yeye ni kichwa.

Sasa tunasema na watendaji wa Serikali. Nani apande mimbarini Mkunazini ni shauri la waumini wa huko na dayosisi yao, na ofisa yeyote asiingize mkono humo. Lakini kipigo si shauri la dini. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitamka upande wa Bara kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa; sheria hiyo haitumiki Visiwani, ila shambulio ni kosa la jinai kwetu kama kwao. Mwanamke anapofika kwa sheha na uso uliovimba, hapaswi kurudishwa kwa padri wala kwa shekhe akasuluhishwe kimya kimya. Apelekwe polisi na hospitali siku hiyo hiyo, na sheha anayemrudisha nyumbani aulizwe na Mkuu wake wa Wilaya ni kwa kifungu gani cha sheria alichofanyia hivyo.