AFYA YA FAMILIA: Gundi ya waya za meno si ya kukwangua kwa wembe

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja. Binti yake alifungwa waya za meno mjini kabla familia haijakimbia. Sasa vyuma viwili vimebanduka, gundi imebaki juu ya meno kama kokoto, na vijana wa jirani wanasema eti wataitoa kwa wembe na plaizi, bei ya soda tu. Mama anauliza: akubali?

Hapana mama, usikubali.

Jino limevikwa ganda linaloitwa enameli. Ni gumu kushinda hata mfupa, lakini ni jembamba: pale lilipo nene kabisa ni kama milimita 2 na nusu. Mfupa ukivunjika unaunga. Enameli ikishakwanguliwa haioti tena, basi.

Daktari alipobandika vile vyuma alipaka kwanza asidi kidogo, uso wa jino ukapata vitundu visivyoonekana kwa macho, gundi ikaingia humo na kuganda. Ndiyo maana haitoki kwa kuvutwa. Ukiing'ang'ania na plaizi ya baiskeli inaweza kuondoka na kipande cha jino. Tena rangi yake hufanana na jino, hasa likiwa na mate. Hata daktari hulikausha jino kwanza ili aone gundi inaishia wapi. Sasa huyo kijana na wembe wake ataona nini?

Daktari wa meno hutumia mashine yenye kichwa kidogo kinachozunguka, cha kabaidi ya tungsteni. Cha almasi hakifai, kinaacha mikwaruzo. Huondoa gundi kidogokidogo, bila kuacha jino lipate joto, kisha husugua kwa unga laini. Hata yeye hupunguza enameli kidogo. Ni kazi ya mkono uliofundishwa.

Na wale wanaosema jivu, mchanga au limau: hivyo hula jino na gundi inabaki palepale. Dawa ya kutoa rangi ya kucha nayo itamuunguza fizi tu.

Mama, gundi yenyewe haina haraka. Kinachoharibu jino ni uchafu wa chakula unaoganda pembeni yake. Ukiachwa, baada ya wiki kadhaa unaona alama nyeupe kama chokaa, na huo ndio mwanzo wa kuoza. Apige mswaki laini asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, azunguke gundi pande zote. Soda na peremende apunguze. Waya ukimchoma shavu, usukume taratibu kwa futio safi la penseli.

Halafu mpeleke zahanati akaombe rufaa ya daktari wa meno. Kibali cha kutoka kambini ulizeni mapema, msisubiri siku ya safari. Akiambiwa hapa tunang'oa tu, msikubali jino zima ling'olewe kwa ajili ya gundi!

Siku vyuma vyote vitakapotolewa, mwulizeni daktari kuhusu kifaa cha kushikilia meno, maana bila hicho meno hupenda kurudi yalikokuwa. Na kama karatasi za daktari wa kwanza bado mnazo, ziwekeni pamoja na vyeti vya familia. Familia zilizo kwenye safari ya kuhamia nchi nyingine zibebe za kwao pia. Daktari wa huko ataziuliza.