Ganda Sebuleni

Mwaka jana tajiri mmoja wa Nairobi aliniita nyumbani kwake nimwandikie maelezo ya gari. Hakuniita kwa sababu nayajua magari. Aliniita kwa sababu nasomea shahada ya uzamili katika historia, na rafiki yake, ambaye aliwahi kunifundisha, alikuwa amemwambia kwamba naandika vizuri na nina shida ya karo. Yote mawili yalikuwa kweli.

Gari lenyewe lilikuwa sebuleni. Lilikuwa gari la Formula 1, pua imeelekezwa kwenye televisheni, taa ndogo zimepangwa chini yake kama za duka la vito. Magari ya namna hii ya miaka ya karibuni yana urefu unaopita mita 5 na upana wa mita 2, kwa hiyo ukuta wa upande wa bustani ulibomolewa, gari likaingizwa, ukuta ukajengwa tena. Mwenye nyumba alinipa chai, akanionyesha mahali ambapo kibao cha shaba kingekaa, akasema, "Kijana, andika kwamba hili ndilo lililokimbia."

Nikamuuliza, "Lilikimbia wapi, mzee?"

Akacheka. Akaniletea karatasi zake. Zilisema wazi kwamba ni gari la maonyesho.

Kwa asiyejua, nieleze. Timu za mashindano huwa na magari ambayo kazi yake si kushindana. Hupelekwa kwenye maduka makubwa, viwanja vya ndege, ofisi za wadhamini na sherehe za kuzindua simu mpya. Mengine hujengwa juu ya bodi ya zamani iliyostaafu, mengine hutolewa kwenye kalibu kwa faiba tu. Ndani hakuna injini wala gia boksi ya kufanya kazi. Rangi hubadilishwa kila mdhamini anapobadilika, kwa hiyo unaweza kukuta umbo la msimu mmoja limevaa rangi za msimu mwingine na namba ya dereva ambaye hakuwahi kulikalia. Likichoka kuzungushwa, huuzwa. Mnunuzi hulipa pesa ambazo wengi wetu tungejengea nyumba, akaliweka nyumbani.

Nasema ni kosa kulinunua, na sababu yangu si wivu. Najua jibu lililo tayari: pesa ni zake, sebule ni yake. Kweli kabisa. Hata mchoro wa ukutani haupiki ugali. Ningekuwa nalalamikia anasa, ningeanza na mengine mengi. Ninacholalamikia ni uongo, na uongo huu una mtu unayemdhulumu.

Gari la mashindano si sura. Ni kazi ya watu wengi iliyopitishwa kwenye mtihani mbele ya umma. Mtu alifunga nati akiwa na sekunde mbili tatu. Mwingine alikaa usiku akitafuta kwa nini mafuta yanavuja. Injini ya Formula 1 haiwashwi kwa kugeuza ufunguo tu. Ni lazima kwanza ipashwe moto kwa maji na oili, na mafundi wanaoijua wawe wameizunguka. Ukitoa hayo yote ukabakiza rangi na majina ya wadhamini, umebaki na tangazo la biashara. Tajiri wangu amenunua bango, amelilipia yeye mwenyewe, na anawatangazia wageni wake bure.

Wapo wanaosema kwamba hivi ndivyo historia inavyohifadhiwa, kwamba bila wakusanyaji magari haya yangeishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Hoja hii ina uzito linapokuwa gari la kweli. Gari ambalo Lewis Hamilton aliliendesha msimu wa 2013 liliuzwa mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 18, na linajulikana lilipita wapi na lilishinda wapi. Lakini hata hapo tuwe macho. Mwanzoni mwa 2025, Mercedes W196 iliyoendeshwa na Juan Manuel Fangio na Stirling Moss iliuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 51. Muuzaji alikuwa jumba la makumbusho la Indianapolis. Kabla ya hapo lilikuwa mikononi mwa makumbusho, taasisi ambayo mlango wake hufunguliwa kwa tiketi. Tangu siku hiyo kulitazama kunategemea hiari ya mnunuzi. Kama huku ndiko kuhifadhi, basi historia inahifadhiwa ili wengine wasiifikie. Na hiyo ni historia ya kweli. Ganda la faiba halina hata historia ya kufungiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanafanyika Kenya, nchi ambayo haihitaji kuagiza kumbukumbu za mbio kutoka nje. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mengine yote yalimezwa na matope au yalivunjika njiani. Miaka yote miwili gari lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, gari ambalo babu zetu walilijua kama teksi na gari la mwalimu mkuu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta alishinda mara 5. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 imetunzwa na Nissan huko Japani, na si ajabu: wao walijua wana nini mkononi.

Sisi je? Mjomba wangu ana gereji Nakuru. Ujana wake aliwahi kubeba spana kwenye kikosi cha huduma cha dereva mmoja wa hapa nyumbani, asiye na jina kubwa. Hadi leo anakueleza jinsi walivyobadilisha shokomzoba za nyuma gizani, mvua ikinyesha, huku wanakijiji wakiwashikia kurunzi. Gari lile aliliona mara ya mwisho nyuma ya ghala, milango imeng'olewa, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Hakuna aliyebomoa ukuta kuliingiza sebuleni. Lilikuwa na mikwaruzo, lilikuwa la hapa, na hakuna mgeni ambaye angelitambua kwa televisheni.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Tumefundishwa kwamba cha thamani ni kile kilichoonekana kwenye skrini, na kwamba kikiletwa kwetu hata kikiwa tupu ndani, kinashinda kilichojaa matope yetu. Tajiri wangu amekulia nchi hii. Aliniambia mwenyewe kwamba akiwa mtoto alikuwa akipanda juu ya mti siku ya Pasaka kuyaona magari ya Safari yakipita, na kwamba vumbi lilikuwa likiwakaa kwenye nywele siku mbili. Alipolisimulia hilo uso wake ulibadilika kabisa. Alipogeuka kunionyesha gari lake, alianza kunitajia bei.

Sisemi watu wasinunue magari ya zamani. Nasema kama una pesa na unapenda mbio, tafuta gari lililokimbia, hata liwe limeoza. Mtafute fundi aliyelifunga, mwenye mvi sasa, umlipe akuonyeshe kila kitu kilivyokuwa. Usilipake rangi mpya kufuta mikwaruzo. Liwashe mara kwa mara. Siku moja kwa mwezi fungua geti, watoto wa shule waingie walisikie. Na kama ganda umeshalinunua, lipeleke kwenye chuo cha ufundi, wanafunzi walione umbo lake kwa karibu na waulize kwa nini bawa limekunjwa vile. Huko litakuwa na kazi. Sebuleni linakusanya vumbi, na si vumbi la Naivasha.

Kibao nilikiandika. Niliandika: "Hili ni gari la maonyesho. Halina injini na halijawahi kushindana. Limetengenezwa ili litazamwe." Nikaongeza mstari mmoja kuhusu mtoto aliyekuwa akipanda mti siku ya Pasaka, kwa sababu hilo ndilo jambo la kweli pekee nililolisikia ndani ya nyumba ile.

Alisoma akanyamaza. Kisha akasema atatafuta mtu mwingine. Alinilipa nusu, kwa heshima, na dereva wake akanirudisha mjini. Nusu iliyobaki ndiyo ingemaliza karo ya muhula ule. Nilikopa, na deni bado nalilipa. Sitaki kujifanya shujaa: usiku ule nilifikiria mara kadhaa kumpigia simu na kumwandikia alichotaka. Kilichonizuia ni kumfikiria mjomba akikisoma kibao kile, yeye anayejua kwa kuligusa tu kama gari limewahi kupata moto.

Kwa hiyo ukialikwa mahali ukakuta gari la mbio limewekwa chini ya taa, na mwenyeji anangoja usifie, msifie chai yake. Halafu muombe kwa upole akufungulie kifuniko cha nyuma, uione injini.