Siri ya Mgonjwa ni Amana

Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilivifunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI, kwa hoja kwamba vilihimiza mapenzi ya jinsia moja. Wizara ilieleza kuwa huduma hizo zingepatikana katika vituo vya umma. Kwa kauli hiyo Serikali ilijitwika dhamana, nasi hatuna budi kuipima dhamana hiyo katika visiwa vyetu vya Ukerewe, Ukara na Kome.

Kisiwani watu wote hujuana. Muuguzi ni jirani, na aliye nyuma yako katika foleni ni shemeji yako. Mwanamume aliyeambukizwa na mwanamume mwenzake anajua kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga kwa muda usiopungua miaka 30. Akiulizwa ameupata wapi ugonjwa, hudanganya. Akichekwa, harudi tena. Mwenye nauli huvuka ziwa kwenda Mwanza asikojulikana. Asiye nayo hubaki na maradhi yake, na pengine ana mke nyumbani.

Hasara hiyo ni ya kijiji kizima. Utafiti uliofanywa kati ya 1991 na 1994 katika jumuiya 12 za Mkoa wa Mwanza ulidhihirisha kwamba palipoboreshwa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa kadiri ya asilimia 40. Lakini dawa haimponyi mtu anayeogopa kuingia zahanati.

Wapo watakaosema kwamba tunatetea yaliyokatazwa na dini. Tuliosoma chuoni tulifundishwa pia kwamba amana hulindwa, na aibu ya mtu husitiriwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inaagiza matokeo ya vipimo yawe siri, na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Kuhukumu ni kazi ya wengine. Mganga ameajiriwa kutibu.

Kwa hiyo tunawataka waganga wakuu wa wilaya na madiwani wahakikishe kwamba kila zahanati ya visiwani ina chumba cha faragha, kwamba mgonjwa anaulizwa yale tu yanayosaidia tiba yake, na kwamba mtumishi anayetoa siri anachukuliwa hatua. Serikali ilisema vituo vyake vinatosha. Basi na viwe wazi kwa kila mgonjwa.