Fyuzi Si Pambo: Acheni Kuunga Taa za Land Rover Moja kwa Moja Kwenye Betri

Ndugu mkulima, msimu wa korosho ukikaribia, Land Rover za zamani hutolewa nyuma ya nyumba, kuanzia Bungu hadi Ikwiriri. Kabla hata ya kukagua tairi, wengi mnakwenda kufungiwa taa mbili kubwa za mbele, redio na chaja ya simu. Waya unatolewa kwenye betri, unapita pembeni mwa injini, unafika kwenye taa. Fyuzi hakuna. Ukiuliza, unajibiwa: "Gari la zamani hili, halina mambo mengi."

Nasema bila kuficha: huo si ufundi. Ni kuwasha moto na kuusubiri ufike.

Utauliza, bwana shamba na waya wapi na wapi? Gari hilo ndilo linalobeba gunia zako kupeleka ghala la AMCOS, na ganda la korosho lina mafuta yanayoshika moto. Ndilo linaloamshwa usiku kumkimbiza mama mjamzito Mchukwi. Na katika nyingi ya Land Rover hizo, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele. Likiungua, hasara hiyo ni ya kijiji kizima.

Tuelewane kwanza kazi ya fyuzi. Watu wanadhani inalinda taa. Hapana, inalinda waya. Betri yenye nguvu ya kuzungusha stata inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba ukichubuka na kugusa chuma, umeme wote huo unapita humo. Plastiki inayeyuka, inadondoka, inawaka. Kuzima swichi hakusaidii, kwa sababu shoti imetokea kabla ya kufika kwenye swichi. Fyuzi iliyo karibu na betri ingekatika papo hapo, na hasara yako ingekuwa fyuzi moja.

Sasa tuzijibu hoja zenu.

"Gari limetembea miaka arobaini bila hayo." Ni kweli lilitoka kiwandani na fyuzi chache sana, Land Rover za miaka ya 1960 zilikuwa na mbili tu, na taa kubwa hazikupitia hata moja. Lakini kiwanda kilipima waya kwa mzigo kilioujua. Mzigo unaouongeza wewe hakikuuhesabu.

"Umeme upo wa kutosha." Tuhesabu. Dainamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampea 22 injini ikizunguka vizuri. Taa kubwa zikiwaka zinakula kama 10, taa ndogo 2, koili 3 au 4. Ukiongeza taa mbili za wati 55 kila moja, ni wati 110; gawanya kwa volti 12, ni ampea 9. Umeshavuka 22, na redio hujaiwasha. Tena kwenye tope la masika unatembea polepole, dainamo haizalishi hata nusu. Unakula akiba ya betri, halafu asubuhi unatafuta vijana wa kusukuma.

"Taa za LED hazili umeme." Hapa mna haki. Zinakula kidogo sana, na kwa gari la dainamo ndizo ninazozipendekeza. Lakini waya wake ukichubuka utaungua vilevile. Taa ndogo haipunguzi nguvu ya betri.

"Fyuzi inakatika kila mara, ndiyo maana tumeweka karatasi ya sigara." Fyuzi inayokatika inakuambia kuna kosa. Kuweka karatasi ya fedha au kipande cha waya ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia moto.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi vijana wengi hawalijui. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zimeunganishwa bodi kwa upande wa chanya, kinyume na magari ya leo. Redio ya kisasa chuma chake cha nje ni hasi. Ukiifunga kwenye gari la namna hiyo chuma kwa chuma, umetengeneza shoti kwa mkono wako mwenyewe. Kabla ya kununua chochote, fungua boneti utazame: waya mnene unaokwenda kwenye bodi umetoka kwenye alama ya + au ya −?

Basi, ukienda kwa fundi, simama hapo hapo na udai haya:

1. Waya wa bodi utolewe kwenye betri kabla ya kazi yoyote.
2. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Kwa taa mbili za wati 55, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita za mraba 2.5.
3. Utumike waya wa magari wenye nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko.
4. Taa ziwashwe kupitia rilei, ili swichi isibebe mzigo wote.
5. Kila tundu la bati linalopitisha waya liwekwe raba.
6. Maungio yabanwe kwa klipu au yachomelewe kwa risasi. Kusokota na kuzungushia tepu hakutoshi; joto letu huibandua.
7. Waya wa bodi wa taa ufungwe kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi, kisha upakwe grisi. Bodi ya alumini na chesisi ya chuma vikipata chumvi ya upepo wa Nyamisati, maungio yake yanalika haraka.

Fundi akikataa kuweka fyuzi, chukua gari lako uondoke. Akikuambia unampotezea muda, mwambie muda wa kuzima moto ni mrefu zaidi, na huko mashambani kwetu gari la zimamoto halifiki.